Wekesa, Diwani Hauzwi Tena

Wekesa, ndugu yangu,

Barua zote nilizowahi kuandika zilianza kwa kumuuliza mtu kama yuko mzima. Hii yako nimekwama hapo hapo mstari wa kwanza, maana jibu lako tunalo. Basi wacha nianze na mimi. Mimi ni mzima. Tumbo limeongezeka. Bado mimi ndiye emsii wa harambee namba moja kutoka Gilgil hadi Molo, na ukisikia mahali wameita mwingine, ujue hawakuwa na pesa ya kuniita mimi. Kwa hivyo afya ninayo na jina ninalo. Kitu kingine nilicho nacho ni kichefuchefu, na si cha chakula. Nimekibeba tangu ile Jumapili yako. Nimeona nisipokutapikia wewe nitamtapikia mtu ambaye hana makosa.

Diwani anakusalimu. Yuko kwangu hapa Bondeni, Nakuru. Mkeo Nanjala alishindwa kuishi naye. Alisema kila huyo jogoo akiwika asubuhi, mkono wake unaenda wenyewe upande wako wa kitanda kukuamsha. Akaniletea akiwa amemfunga na leso. "Shemeji, mchukue huyu mtu wenu," akasema, akaondoka bila kugeuka. Sasa analala ndani ya lile jiko kubwa la bati ulilotengeneza ukakosa mteja. Anakula kuliko mimi, anapiga kelele siku nzima, na hakuna kazi anafanya. Jina ulilompa bado linamtosha kabisa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya? Wiki nzima wewe ni fundi wa majiko, mweusi kwa makaa mpaka kope. Jumapili unaoga, unavaa lile koti la babako la kazi ya reli, unamweka Diwani kwapani. Mimi nashika maiki. Ninamtangaza: jogoo wa kienyeji, mzaliwa wa Rift Valley, hana deni, hana chama! Bei inapanda. Ikianza kulegea ninagusa kofia yangu, hivi tu, kama mtu anayefukuza nzi, na wewe unamtekenya chini ya bawa. Diwani anawika. Kanisa lote linavunjika mbavu, mtu anaongeza. Aliyeshinda anasimama, anafunga kifungo cha koti, anasema, "Huyu jogoo namrudishia kanisa." Makofi. Na sisi tunamuuza tena. Amenunuliwa na walimu, na wakulima wa viazi, na wenye maduka ya hadwea, mpaka askofu mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja mchuzi wake. Watu wengine duniani wakinunua kuku wanamla. Sisi tuligundua kuku asiyeisha.

Kwa nini waliniita Kifagio? Kwa sababu nikimaliza na wewe, mfuko wako unabaki umefagiwa. Shule niliiacha darasa la saba, tuliiacha pamoja, lakini somo la mifuko nimelisoma hadi mwisho, na nimetembea, nimefika mpaka Kampala na Arusha, mifuko ni ile ile. Mtu hutoa mahali ataonekana. Mwambie simiti, anatoa. Mwambie mabati, anatoa mara mbili, maana akipita na gari atawaonyesha watoto: bati lile, la tatu kutoka kona, ni la daddy. Sasa mwambie stima ya kila mwezi. Mwambie sabuni ya kuosha sakafu. Mwambie mshahara wa mtu. Hapo utaona amekumbuka kuna simu alikuwa apige. Nilijua hayo miaka yote na nilikuwa nayacheka. Nilikuwa ninauza kile kinachouzika, kama mfanyabiashara yeyote. Siku hizi sicheki.

Wacha nikukumbushe chumba chetu cha hewa pale dispensari, ingawa najua hujakisahau.

Kile chumba hakikujengwa na mheshimiwa tuliyempigia kura, hata kama jina lake liko ukutani. Tulikijenga sisi. Mama mboga walitoa, vijana wa boda walitoa, wewe ulitoa majiko nikayapiga mnada na yakaenda bei ya kabati. Nilikuuliza mbona unajikamua hivyo na wewe mwenyewe una kodi ya nyumba. Ulikuwa unapumua kwa ile filimbi yako ya kifua, vumbi la Januari lilikuwa limekukamata. Ukaniambia, "Kifagio, wengine wananunua ploti. Mimi nanunua pumzi." Nililitumia hilo neno lako kwenye maiki siku hiyo hiyo, nikawaambia watu ni langu. Lilileta pesa sana. Asante.

Mashine ya oksijeni ndiyo ilikuja na wafadhili, wale marafiki wa ng'ambo wa mheshimiwa. Ilikuja imevishwa nailoni kama bibi harusi, imebandikwa stika kubwa ya jina lao. Nasikia huko kwao ukitoa msaada serikali inakupunguzia kodi. Sawa, sina shida, mtu na risiti zake. Lakini risiti yao ilitaka picha. Na picha ilitaka utepe. Na utepe ulimtaka mheshimiwa mwenyewe na makasi. Mheshimiwa leo ana mazishi, kesho ana safari, keshokutwa mvua imenyesha na gari lake halipendi matope. Mwenyekiti wetu wa kamati ya dispensari, Mwalimu Kiptoo, alining'iniza ufunguo shingoni kama msalaba. Kila ukimwuliza chumba kitaanza lini, alisema kwa ile sauti yake ya gwaride, "Bado hakijafunguliwa rasmi."

Na nesi? Ulijua tuna Sista mmoja tu, na anaenda nyumbani Ijumaa. Mwenyekiti alienda kwenye kikao cha bajeti kuomba wa wikendi. Alirudi akatusimamisha nje ya kanisa atupatie habari. Afisa alikuwa amemwambia, "Nyinyi mko sawa, nyinyi mna wafadhili. Wacha tusaidie wale hawana mtu." Na unajua tulifanya nini? Tulipiga makofi, Wekesa! Wewe ulipiga, mimi nilipiga, Nanjala alipiga kigelegele. Tulidhani tumesifiwa. Mtu ametuambia hatupati kitu kwa sababu tumejisaidia, na sisi tunamshangilia kama tumeshinda kombe. Ningekuwa na uwezo ningeirudisha ile siku nikatembee katikati ya hayo makofi nikizaba watu makofi ya ukweli, nikianza na mimi.

Maana angalia hesabu yenyewe, na si lazima uwe umesoma. Kadiri tulivyochanga ndivyo wao walivyoondoa mkono. Tukajenga ukuta, wakafuta ukuta kwenye bajeti. Tukaleta mashine, wakafuta nesi. Na kodi hatujaacha kulipa hata siku moja. Ukinunua unga umelipa. Ukinunua bati la jiko umelipa. Hewa yako uliinunua mara mbili, ndugu yangu, na hukuipata hata mara moja.

Sasa ile Jumapili. Sikutaka kuiandika lakini kalamu imeshafika.

Nilikuwa mtaa wa Free Area kwa mchango wa karo, nikimwuza kondoo wa watu, maana ulikuwa umenitumia ujumbe asubuhi kwamba kifua hakikubali, nisikungoje. Nanjala na majirani walikubeba hadi dispensari saa sita za mchana, jua la utosi. Mlango umefungwa. Mwenyekiti yuko ibadani, simu amezima kama mtu mwenye adabu. Alipopatikana akaja akikimbia, mzee wa watu, lakini siku hiyo ufunguo alikuwa ameuvua shingoni akauacha nyumbani kwenye suti nyingine. Na hapo, mbele yako ukiwa umekaa chini umeegemea ukuta uliouchangia, midomo imegeuka rangi, bado mdomo wake ulisema, "Lakini hakijafunguliwa rasmi." Nanjala aliniambia hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeota.

Walivunja mlango. Walichana nailoni. Mashine iko pale inang'aa, na hakuna hata mtu mmoja anayejua inawashwa wapi ama mpira unaingia wapi. Mmoja anasema bonyeza hapa, mwingine anasema usibonyeze utaiharibu kabla ya sherehe. Usiiharibu kabla ya sherehe! Nanjala alikushika kichwa. Alisema ulimwangalia tu, ukageuza macho ukaiangalia mashine, na kama ungekuwa na pumzi ungetoa mzaha. Najua ungetoa. Nimejaribu kuufikiria huo mzaha tangu siku hiyo na sijaupata.

Tulinunua mlango, tukanunua kufuli, tukasahau kununua mtu. Ama si kusahau. Mtu hauziki. Huwezi kumbandika stika.

Lakini ngoja nikuambie kilichonichafua roho kabisa: mazishi yako. Pesa zilitoka, Wekesa! Watu waliokuwa wanavuka barabara wasikuone ukikohoa, walitoa. Mabasi mawili hadi kwenu Bungoma. Fulana zenye picha yako, na ulikuwa umekunja uso kwenye picha kwa sababu ilikuwa ya kitambulisho. Mheshimiwa akatuma fahali na shada lenye jina lake refu kuliko lako. Na sanduku lenyewe lilikuwa la dirisha la kioo hapo usoni. Nilisimama na maiki nikaliangalia hilo dirisha, nikasema moyoni, sasa ndio wamekumbuka mtu huyu anataka hewa. Ukiwa hai unapumua kwa shida ulikuwa mzigo wa mkeo. Ulipokufa ukawa mradi. Mimi ndiye niliyeendesha ratiba, bure, na nilifanya kazi nzuri kuliko siku zote. Hilo nalo linanichefua.

Siku arobaini hazikuwa zimeisha kabla ya mheshimiwa kupata nafasi. Utepe ukanunuliwa. Mlango uliovunjwa ukatengenezwa ukapakwa rangi, mashine ikavishwa nailoni mpya. Naapa, waliirudishia nailoni. Mwenyekiti akaja kwangu, akaketi hapa kwenye kochi, hakuniangalia usoni. "Bwana Kifagio, tumeamua kiitwe chumba cha ukumbusho wa Wekesa. Na mgeni wa heshima amekutaja wewe kwa jina uwe emsii." Malipo mazuri kuliko yote ya mwaka. Nikamwambia apeleke hiyo heshima yake kwa wauza heshima. Kisha nikaenda kwa Nanjala nikimtarajia anisifu.

Alikuwa anafua. Aliniambia, "Shemeji, ukikaa nyumbani watamwita yule emsii kijana wa Lanet, atawachekesha, wataenda. Enda. Lakini usiende kunilia huko. Enda na maneno." Akapiga shati kwenye beseni. "Mimi nataka tu mwanamke mwingine akifika pale Jumapili apate mtu ndani. Hiyo jina kwa mlango waivue wakitaka."

Nikaenda. Na Diwani kwapani, mwenyewe.

Hema, viti vya plastiki vyenye vitambaa, wanafunzi wakiimba jina la mtu ambaye hawajui sura yake. Utepe ukakatwa. Picha zikapigwa, tena, na tena upande ule mwingine kwa sababu ya jua. Kisha mnada, wa kununua zulia la chumba cha kusubiria. Nikauza keki. Nikauza ndizi. Watu wamelainika, wanacheka, wako mkononi mwangu kabisa. Nikasema, "Sasa nina bidhaa ambayo haijawahi kuletwa sokoni Nakuru nzima. Iko hapa, hamuioni kwa sababu haijaajiriwa. Ninauza mshahara wa nesi wa wikendi! Nani ananianzishia?"

Wekesa, nimeshauza jogoo aliyelala. Nimeshauza sufuria iliyotoboka. Hapo watu wakaanza kutafuta simu mifukoni. Na mkono wangu, sijui ni mazoea ama ni nini, ukaenda wenyewe ukagusa kofia.

Diwani kimya. Hapakuwa na mtu wa kumtekenya.

Mimi, Kifagio, nimesimama na maiki kama mtoto aliyesahau shairi la wazazi. Mheshimiwa akadhani ananisaidia. Akasimama akicheka, akachukua maiki ya pili. "Emsii wetu ana mchezo! Lakini wananchi, tusichanganye mambo. Mshahara wa nesi ni kazi ya serikali."

Nikamwuliza, "Na wewe, mheshimiwa, ni nani?"

Sikuwa nimepanga. Lilitoka tu. Mama mmoja wa mboga huko nyuma akapiga kelele, "Mwambie!" halafu kicheko kikaanza pembeni kikaja hadi kwenye viti vya vitambaa. Mheshimiwa naye alicheka, kama mtu mwenye mwiba wa samaki kooni. Akasema atamnunua jogoo. Akataja bei ambayo hata wewe ungemdondosha Diwani. Akafunga kifungo. "Na ninamrudishia wananchi!"

Nikasema, "Leo harudishwi. Wewe umeshatoa sana, mheshimiwa, vya kuonekana. Huyu jogoo ni wa mjane, na hauzwi. Ninachouza ni kile nilichotaja. Kama hakuna mnunuzi, mnada umefungwa." Nikazima maiki. Nikatoka na Diwani wangu kwapani, sikulipwa, na zulia hadi leo hawajanunua.

Tangu siku hiyo simu imepungua. Makanisa mawili yameniambia yanamwomba Mungu kwanza kabla ya kuniita. Lakini mtu alikuwa amenirekodi, na video ikatembea kwenye simu za watu, na haikupita mwezi nesi akaja. Wa wikendi! Amevaa sare, ana begi. Nilitembea Bondeni nzima nikijitangaza, wacha nikuambie ukweli, nilijitangaza mpaka kwa kinyozi anayenidai. Nikamwambia kila mtu nimemleta nesi kwa swali moja. Nikamnunulia soda, nikamketisha, nikamwuliza, "Sista, umetoka shule ipi?"

Akasema hakutoka shule. Ametoka dispensari ya kule ziwani Naivasha, upande wa wavuvi na wachuma maua. Alipewa uhamisho kwa simu, Ijumaa jioni. "Na kule nani amebaki?" nikamwuliza. Akazungusha chupa. "Kule nimefunga mlango, boss. Ufunguo nimemwachia mlinzi."

Soda yangu iligeuka maji ya betri. Hawakuajiri mtu. Hawakuongeza hata senti. Walichukua hewa ya watu wengine wakaniletea mimi nitulie, na mimi nikatulia, nikatembea nikijigamba. Na huyo msichana hana makosa, ni mtu wa huruma kuliko mshahara wake. Jumapili iliyopita amemwekea mpira wa hewa puani mtoto wa jirani yako, ule mlango wako ukiwa wazi. Nanjala alisimama dirishani akaangalia mpaka mwisho. Alilia, akanawa, akarudi nyumbani. Niliposema nitapeleka malalamiko nesi arudishwe kule, akaniambia, "Kwa hivyo ufunge hapa ufungue kule? Shemeji, na wewe unafikiri kama wao sasa."

Juzi nikapigiwa simu. Mama mmoja wa kule ziwani. "Ni Emsii Kifagio? Tumesikia wewe ndiye mkali. Dispensari yetu imefungwa. Tunataka kufanya harambee tujenge chumba kama chenu, labda nesi atarudi. Tutauza mbuzi." Alikuwa na sauti ya furaha, Wekesa. Ya mtu aliye tayari kutoa.

Nimemwambia nitakuja, bure, lakini wasichinje na wasiuze. Nitakwenda na Nanjala Jumamosi. Tutawaambia kilichotupata, na siku ya makofi pia nitawaambia. Kisha tarehe ya kikao cha bajeti ikitangazwa, watu wa ziwani na sisi wa hapa kwetu tutajaa ukumbi mmoja, tuketi viti vya mbele. Akisema mtu tuko sawa tuna wafadhili, hakuna atakayepiga makofi. Nimewafundisha huku kwetu tayari, tunafanya mazoezi ya kunyamaza, na unanijua, mimi ndiye ninayeshindwa. Tunataka watu wawili walioajiriwa, milango miwili wazi. Sijui kama tutapata. Wale watu wana ngozi ngumu kuliko kiatu cha polisi. Lakini mimi nina mdomo, na sasa sina kazi nyingi za kunishughulisha.

Lala sasa, ndugu yangu. Wameniambia udongo wa kwenu Bungoma ni mwekundu na hauna vumbi. Pumzisha humo kifua chako. Majiko yako bado yanawaka nyumba nyingi hapa. Nanjala nitamwangalia, na usinikunjie uso, kama shemeji.

Nakuahidi Diwani hatapigwa mnada tena maisha yake yote. Na Jumapili moja, milango yote miwili ikiwa wazi na kila mmoja una mtu wake ndani, nitapanda basi na yeye hadi kwenu. Nitasimama hapo kwa kaburi, mimi Kifagio, bila maiki. Nitagusa kofia.

Wewe unajua kazi yako.